Saluni ya Mbeya yenye mkono mwepesi na mdomo mzito

Jina la saluni hii, inayowapokea wanawake transi, hatulitaji, wala mtaa wake. Mwenyewe ameomba hivyo na sababu anayo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu tendo la ngono ambalo sheria inaliita "kinyume cha maumbile", na adhabu yake ni kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Hakina neno hata moja kuhusu wigi, gauni au jina mtu analoitwa. Lakini mtaani vyote hutiwa chungu kimoja, na mwanamke transi anayetoka kusuka anaweza kukuta kikundi kinamsubiri kona ya pili. Kwa hiyo tathmini hii ni ya anayeijua saluni kwa kuelekezwa na mtu anayemwamini. Ni ya mwenye saluni mwingine pia, awe Mwanjelwa, Kabwe, Uyole, Makambako au Miyomboni kule Iringa, anayetaka kuwapokea wateja hawa na kuwahudumia inavyostahili.

Mwanamke transi ni mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana. Saluni hii haimdai mteja maelezo zaidi ya hayo, na kwa kweli hata hayo haimdai.

Bei ziko ukutani, kila mtu anazisoma: kuvalishwa wigi kwa gundi 15,000, bila gundi 8,000, rasta za kawaida kuanzia 25,000 ukija na nywele zako za bandia, kunyoa ndevu na kutuliza ngozi 5,000, makeup 25,000, kucha za jeli 15,000. Mwanamke transi analipa bei ileile ya mama anayekaa kiti cha pili. Inaonekana jambo dogo, lakini mjini zipo saluni zinazompandishia mteja huyu hadi mara mbili kwa kisingizio cha "usiri". Hapa usiri haulipiwi.

Ubora wa kazi unaanza kwenye tepu. Saluni nyingi zinachukua wigi rafuni, zinalivuta kichwani, basi. Hapa msusi anapima kwanza mara tatu: mzunguko kupitia mstari wa nywele mbele, nyuma ya masikio hadi kisogoni, halafu kutoka paji la uso kwenda kisogoni, halafu kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini. Wigi la kawaida sokoni limeshonwa kwa kichwa cha sentimita 56 au 57, na wateja wengi wa aina hii wana sentimita 58 hadi 60. Sentimita hizo mbili ndizo zinazoharibu siku. Wigi linalobana hujivuta lenyewe kurudi nyuma, lesi, yaani neti nyembamba ya ukingo wa mbele, inabanduka karibu na masikio, na ikifika saa nane mchana kichwa kinauma. Watu hulaumu gundi, kumbe kosa ni kofia, yaani neti ya ndani ambayo nywele za wigi zimeshonewa. Msusi wa hapa analegeza mikanda ya nyuma, na isipotosha anakata lastiki ya kisogoni na kushonea kipande cha neti inayovutika, upana wa sentimita 3 au 4. Ni kazi ya dakika 20 na hailipiwi zaidi. Ukinunua wigi jipya, omba kofia kubwa tangu mwanzo.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni panja. Mtu aliyepita balehe kwa homoni za kiume mara nyingi mstari wake wa nywele umeingia ndani pande zote mbili, umeacha umbo kama la herufi M. Ile lesi ndogo ya mraba ya inchi 4 kwa 4, wanayoiita kloza, inafunika katikati tu na kuziacha panja wazi. Msusi asiyeelewa ataisogeza kloza mbele ili kuziba, na paji la uso litabaki dogo kama la mtoto. Inayofaa ni frontali ya inchi 13 kwa 4, inayotoka sikio hadi sikio. Ni ghali zaidi, na saluni hii inasema hivyo bila kuzungukazunguka. Kwa asiye na fedha hiyo wanapendekeza wigi lenye nywele za mbele zilizokatwa kuanguka juu ya nyusi, ambalo halihitaji lesi hata kidogo. Ushauri huo unawapunguzia mauzo, na wanautoa.

Rangi ya lesi hapa inatengenezwa kwa chai. Lesi nyingi huja na weupe unaong'aa juu ya ngozi nyeusi kama chaki. Vijiko vikubwa vinne vya majani ya chai, ya Rungwe au ya Mufindi haijalishi, nusu lita ya maji yanayochemka, chumvi kidogo, yachujwe na kuachwa hadi mkono uweze kuyavumilia. Inazamishwa lesi peke yake kwa dakika 10 hadi 15, nywele zikiwa zimefungwa na kushikwa juu. Ukizamisha wigi zima, nywele za rangi ya asali zitatoka na madoa. Kwa ngozi ya maji ya kunde chai inatosha. Kwa ngozi nyeusi zaidi wanamalizia na poda ya rangi ya mteja, ikipakwa upande wa ndani wa lesi, na wanaijaribu shingoni, kwa sababu uso wa mtu aliyenyoa ndevu asubuhi una rangi mbili.

Sasa gundi, na hapa ndipo Mbeya inapotofautiana na Dar es Salaam. Mji huu uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za makoti. Gundi ya maji kwenye baridi hiyo haikauki kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Inapakwa tabaka jembamba, inasubiriwa hadi weupe upotee kabisa na ibaki kama kioo, ndipo la pili, ndipo la tatu. Anayeharakisha anafungia unyevu chini ya lesi, na wigi linaondoka na upepo wa kwanza. Msusi wa hapa anatumia draya kwenye ubaridi, kamwe si moto mkali, maana moto unakausha juu na kuacha maji chini. Kabla ya gundi anafuta mafuta ya paji kwa spiriti ya asilimia 70. Na kwa mteja mpya anaweka tone moja nyuma ya sikio na kumwambia arudi kesho yake. Kwa anayetoka Tunduma au Njombe saa 24 hizo ni usumbufu mkubwa, tunaelewa. Wenyewe wanakubali tone hilo liwekwe nyumbani ukiwa na gundi ileile, ilimradi uwatumie picha ya ngozi. Usiruke hatua hii. Ngozi iliyovimba kuzunguka paji haifichiki, na siku unayohitaji kupita bila kutazamwa ndiyo siku utakayotazamwa zaidi.

Baada ya kuvalishwa, panda bajaji. Helmeti ya bodaboda inainua lesi pembeni ndani ya saa 24 za kwanza, na baada ya hapo inaendelea kuila kidogokidogo. Kuvua ni kwa mafuta au kiyeyushio, ukisubiri dakika tano hadi gundi iwe kama uji. Anayevuta kwa nguvu anang'oa nywele za ukingoni, na panja ambazo tayari ni chache hazina akiba.

Kwa nywele za mwenyewe kuna la kusema pia. Chini ya wigi wanasuka twende kilioni, mistari myembamba iliyolala, na nywele zikiwa fupi chini ya sentimita 3 wanavalisha kofia ya stokingi badala ya kulazimisha. Rasta wanazikubali kuanzia sentimita 5, na wanaanza na nywele yako mwenyewe kabla ya kuongeza ya bandia, ili fundo lisikae kwenye shina. Mteja anayeanza kukuza nywele baada ya miaka ya kunyolewa mara nyingi anataka rasta ndefu za kiunoni siku hiyohiyo. Wanamwambia hapana, uzito huo utang'oa. Wanampa za mabegani, na baada ya miezi minne waongeze. Mkono wa msusi mkuu ni mwepesi kweli: hakuna kipele kinachotoka shingoni siku ya pili, na mteja analala usiku wa kwanza bila dawa ya maumivu.

Kunyoa ndevu kunafanyika chumba cha nyuma, na ni huduma ambayo saluni za kike hazina na vinyozi wa kiume hawawezi kuitoa bila maneno. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinakaa usoni dakika tano. Wembe ni mpya, unafunguliwa mbele ya mteja na kutupwa mbele ya mteja. Lisisitize hilo hata wakikuzoea, maana virusi vya homa ya ini na VVU havijui mazoea. Mnyoaji ananyoa kufuata nywele inakoelekea, mara moja, bila kuvuta ngozi. Nywele zetu zimejikunja. Ukivuta ngozi na kunyoa kinyume, ncha inazama chini ya ngozi na kukua kwenda ndani, na hapo ndipo vipele vyeusi vya kidevuni vinapozaliwa. Krimu za kuondoa nywele za miguuni hawazitumii usoni, na ni sahihi: zinachoma.

Kivuli cha ndevu hubaki hata baada ya wembe mzuri. Kwenye ngozi nyeusi kinaonekana kijivu chenye ubluu, na faundesheni peke yake inakigeuza kuwa majivu. Dawa yake ni rangi ya chungwa iliyoiva, karibu na nyekundu ya tofali, chini ya faundesheni. Kama huna ile ya kununua, lipstiki ya rangi hiyo inafaa. Inagongwagongwa kwa kidole, haisuguliwi, tabaka jembamba sana, juu yake poda, kisha faundesheni, kisha poda tena. Ukisugua unazoa rangi yote na kuipeleka shavuni. Mpakaji wa hapa analijua hilo vizuri. Nyusi anazitinda taratibu pia, akipunguza upande wa chini peke yake ili jicho lifunguke. Kucha ni za kawaida, nzuri, hazina la kusimuliwa.

Vitu viwili hawauzi, na kwa hilo tunawapongeza kwa dhati. Mkorogo hawauzi. Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado vinapita chini ya meza, na wanawake transi wanaambiwa kila siku kwamba uanamke ni weupe. Vidonge vya uzazi wa mpango hawauzi pia. Tangu Februari 2017, Wizara ya Afya iliposimamisha huduma za vituo 40 vilivyokuwa vinahudumia makundi maalumu, yaani yaliyo katika hatari kubwa ya VVU, njia nyingi za kupata ushauri wa kitabibu bila kudhalilishwa zilizibika, na wengi wakakimbilia vidonge hivyo ili kubadili mwili. Homoni ya ethinilestradioli iliyo ndani ya vingi vya vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda, na hatari hupanda zaidi kwa anayevuta sigara na kwa aliyevuka miaka 35. Mwongozo wa kimataifa wa huduma za afya kwa watu transi uliotoka 2022 unapendekeza isitumike kwa wanawake hawa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo. Saluni hii imebandika maneno hayo ndani ya mlango wa choo, ambako kila mtu anasoma akiwa peke yake.

Turudi mbele, kwenye jina. Kiswahili kimetupa zawadi ambayo lugha nyingi hazina: "amekuja", "anasubiri", "mwoshe kichwa" havisemi mke wala mume. Unaweza kumhudumia mtu kutwa nzima bila kumkosea. Kosa linaingia kupitia maneno ya udugu tu, yaani kaka, braza, mwanangu, bosi, na mara nyingi mtu anayatamka kwa makusudi. Hapa anayekaa kitini ni dada au anti, mtu mzima ni mama, na hakuna anayejadili. Wateja wa rika moja waliozoeana wanaitana shoga, kwa maana ile ya bibi zetu, mwanamke kwa mwandani wake, kabla neno halijachukuliwa na kugeuzwa tusi. Kulisikia likirudi mahali pake, mvuke wa stima ya nywele ukipanda na mtu akicheka, ni sehemu ya huduma ambayo haina bei ukutani.

Daftari la miadi lina jina unalojitaja na saa, basi. Shida ilikuwa kwenye malipo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze 2019, jina linalotokea kwenye ujumbe wa malipo ni lile la kitambulisho cha NIDA. Mteja ameitwa Neema saa tatu nzima, analipa kwa lipa namba, simu ya kaunta inalia, na dada wa mapokezi anasoma kwa sauti: imeingia arobaini na tano elfu kutoka kwa John. Saluni nzima inageuka. Hakuna aliyetukana, na madhara ni yaleyale. Walivyolitatua ndivyo kila duka linavyoweza kulitatua kesho asubuhi: simu ya malipo inakaa ndani ya droo, sauti imezimwa, anayehakiki anaangalia kiasi na herufi nne za mwisho za namba ya muamala, na mteja ndiye anayezitaja. Jina halisomwi kwa mteja yeyote, hata mama mchungaji. Kwa kuwa ni utaratibu wa wote, haumtengi mmoja. Jirani zetu Kenya walilifikisha jambo la jina mahakamani: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transi, cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Kwetu njia hiyo haijafunguka, kwa hiyo droo ya kaunta inafanya kazi ambayo karatasi haijaifanya.

Ukutani, juu ya kioo cha kati, kuna picha ya mwanamke mweusi mwenye nywele za hudhurungi yenye wekundu. Wateja wengi wanaionyesha kwa kidole na kusema wanataka rangi kama ile. Ni Tracey Norman wa Newark, New Jersey. Miaka ya 1970 uso wake ulikuwa kwenye kasha la rangi ya nywele la Clairol, namba 512, na wanawake weusi Marekani nzima walilichukua rafuni wakitaka kufanana naye. Alikuwa mwanamke transi na wanunuzi hawakujua. Mnamo 1980, kwa simulizi aliyoitoa mwenyewe 2015, wakati wa kupiga picha za jarida, msaidizi wa msusi aliyetoka mtaa wa kwao alimtambua na kumnong'oneza mhariri. Kazi zikakauka. Rangi ndani ya kasha ilikuwa ileile, nywele zilikuwa zilezile, uso uleule uliokuwa umeuza. Ilitosha mtu mmoja wa saluni kufungua mdomo. Alikwenda Paris akapata kazi kwenye nyumba ya mitindo ya Balenciaga, na mwaka 2016 Clairol ileile ikamrudisha kwenye matangazo yake. Wanafunzi wa ususi hapa wanasimuliwa habari hiyo wiki ya kwanza, kabla hawajashika kitana. Ndiyo mafunzo bora ya siri ya mteja tunayoyafahamu Nyanda za Juu Kusini.

Kwa mteja anayekuja na kejeli, utaratibu ni mfupi na unafuatwa. Akitazama kwa kukodoa, hakuna anayesema kitu, bali msusi anageuza kiti cha dada ili akitazame kioo cha pembeni. Akinong'ona, mwenye saluni anakwenda kumwambia kwa upole kwamba hapa tunahudumia vichwa. Akitukana, anarudishiwa fedha yake hata kama nywele ziko nusu, na anaombwa aondoke. Mwenye saluni amewahi kupoteza wateja hivyo, na hesabu yake ni kwamba mwanamke transi aliyehudumiwa vizuri anarudi kila wiki tatu kwa miaka. Wapo wanaotoka Makambako kwa Coaster, zaidi ya kilomita 150, wakiyapita masaluni yote ya njiani. Anayedai kwamba ni ugonjwa wa akili anajibiwa kwa ukweli: Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa ya akili, katika toleo lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika 1 Januari 2022. Hawaendelei kubishana. Kichwa kiko kwenye beseni na maji yanapoa.

Mwanafunzi akikosea na kusema "kaka", anasema "samahani dada" na kuendelea kuchana. Mara moja, sauti ya kawaida. Kuomba msamaha kwa dakika tano kunamgeuza mteja kuwa mfariji, na kunawaambia hata wale ambao hawakusikia. Tumeliona kosa hili kwenye saluni nyingine zenye nia njema kabisa, na linaumiza karibu sawa na kosa la kwanza.

Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu ya simu. Kanuni inasema hakuna kupiga picha penye viti, na imebandikwa. Lakini wasusi wawili vijana wanarekodi kazi zao kwa ajili ya TikTok, na vioo vya saluni hii vinatazamana. Unarekodi rasta za mteja wako, kioo cha nyuma kinarekodi uso wa aliyekaa mbali. Mteja wa kawaida akionekana ameonekana tu. Mwanamke transi akionekana anaweza kufukuzwa chumba alichopanga. Kumwomba msusi awe makini hakutoshi. Dawa ni kurekodi ukutani tu, pale pasipo kioo, baada ya kazi, kwa ruhusa ya mdomo ya mteja mwenyewe, na kuitazama video yote kabla ya kuipandisha. Wakilirekebisha hilo tutaibadilisha alama siku hiyohiyo.

Kasoro nyingine ni ndogo kuliko hiyo. Benchi la kusubiri linatazama barabara, pazia moja lingemaliza. Jumamosi pamejaa na stima ni moja. Umeme ukikatika draya zinanyamaza, na bila draya gundi ya Julai haikauki, kwa hiyo siku ya mgao vaa wigi la lastiki. Mawigi yao ya frontali ni ghali kuliko ya soko la Sido. Ukiwa na jicho zuri nunua huko, waachie kulivalisha. Fundi cherehani wa barazani anashona vizuri na anajua kuingiza mshono wa bega ndani sentimita moja na nusu ili bega pana litulie, lakini mpelekee kitenge ukiwa umevaa sidiria na sponji utakazovaa na gauni, la sivyo vipimo vyote vitakuwa vya mtu mwingine.

Mwisho kwenye orodha ya bei, kwa kalamu, kuna taji la maua, 12,000. Limewekwa kwa heshima ya Marsha P. Johnson, mwanamke mweusi wa New York aliyekuwa miongoni mwa waliosimama dhidi ya polisi waliovamia baa ya Stonewall mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaanzisha pamoja na Sylvia Rivera kundi la STAR la kuwapa hifadhi vijana transi wasio na makazi. Alikuwa akilala chini ya meza za wauza maua na kuvaa kichwani yale yaliyobaki. Taji la hapa linafungwa kwenye waya laini, urefu wa mzunguko wa kichwa na sentimita 5 za kufungia. Mashina yanabaki sentimita 4, yanakatwa mshazari na kunyweshwa maji usiku kucha kabla ya kufungwa, maana yakifungwa na kiu yananyauka kabla ya mchana. Mikarafuu na krisantemu zinashika kutwa nzima. Waridi linapendeza zaidi na kuchoka mapema, kwa hiyo liwekwe mbele ambapo linanyunyiziwa kwa urahisi. Pini zinashikwa kwenye mishono ya wigi, kamwe si kwenye lesi. Maua yote ni ya bustani za watu. Ya Kitulo ni ya hifadhi, hayachumwi.

Mataji yanaombwa zaidi kuelekea 20 Novemba, siku ya kuwakumbuka watu transi waliouawa. Ilianzishwa kwa ajili ya Rita Hester, mwanamke mweusi aliyeuawa Boston mwezi huohuo mwaka 1998. Siku hiyo hapa hakuna hotuba. Watu wanakuja kusukwa, wanavalishwa maua, wanakaa hadi jioni, na majina yanatajwa taratibu katikati ya kazi. Mvua zinakuwa zimeanza, kwa hiyo beba mwavuli mpana unaoacha nafasi juu ya taji, na uagize kabla ya tarehe 15. Muuza maua anashusha mzigo mara moja tu, alfajiri ya tarehe 19.